Hita ya gesi ndani ya nyumba: hewa yake itoke wapi? Njia nne zikilinganishwa

Ukiingia duka la vifaa mjini Nakuru ukaulizia hita ya gesi, muuzaji atakuuliza kama ni ya kuoga au ya kuotea, na kama ni ya kuoga, unataka lita ngapi kwa dakika. Akishajibiwa anafungua katoni. Haulizi moto huo utavuta hewa kutoka wapi, wala hewa iliyokwisha kuungua itatokea wapi. Wateja wengi nao hununua kwanza, halafu ndipo wanatafuta ukuta wa kuitundika. Makala haya ni ya yule ambaye bado hajatoboa ukuta, au ameshatoboa lakini roho haijatulia.

Njia ambazo mtu wa huku kwetu anaweza kuzipata kweli ni nne: matundu ya kudumu ukutani, hita yenye bomba la moshi, hita iliyofungwa ambayo huvuta hewa yake kutoka nje, na hita inayotundikwa nje kabisa. Kila moja ina nyumba inayoifaa, na kila moja ina namna yake ya kuua ikiwekwa pasipofaa.

Hesabu ya hewa kabla ya yote

Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji takriban kilo 15 na nusu za hewa ili iungue vizuri. Ukiwa usawa wa bahari, hiyo ni kama mita za ujazo 13. Lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi: kila lita ina kama nne kwa tano tu ya oksijeni iliyo katika lita ya hewa ya Mombasa. Kilo ileile ya gesi hapa inakula mita za ujazo 16 hivi. Molo, iliyo karibu mita 2,500, inakula zaidi. Kisumu iko mita 1,130 tu, kwa hiyo afadhali kidogo, ingawa haijasalimika.

Chukua bafu la kawaida la nyumba ya kupanga: mita moja na nusu kwa mbili, kimo mita mbili na nusu. Jumla ni mita za ujazo saba na nusu. Tundika humo hita ndogo ya kuoga ya kilowati 12 isiyo na bomba. Itachoma karibu gramu 940 za gesi kwa saa, maana yake inataka robo mita ya ujazo ya hewa kila dakika. Funga mlango, funga dirisha. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9 ya hewa, na vihisi vya usalama vya hita za vyumbani hutengenezwa kuzima moto ikishuka hadi 18 hivi. Katika bafu hilo, kushuka hadi 18 kunachukua kama dakika nne. Mtu bado anajipaka sabuni.

Kweli, hakuna bafu lililozibwa kabisa. Chini ya mlango kuna mwanya, na dirisha la vioo vya kupachika halibani sawasawa. Lakini hesabu hiyo inakuonyesha kasi ya jambo lenyewe.

Tena oksijeni ikipungua, moto haufi papo hapo. Unaanza kuungua vibaya na kutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ile harufu kali tunayoijua sote ni dawa iliyotiwa kwenye gesi ili uvujaji ugundulike. Gesi ikiungua, dawa nayo imeungua. Kwa hiyo pua iliyozoea kuchunga mtungi haikusaidii chochote hapa.

Kuna dalili moja unayoweza kuiona kwa macho. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Chumba chenye hita ambacho vioo vyake vinatiririka maji kila usiku kinakwambia kwamba hewa iliyoungua haitoki.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: hewa inaingia na kutoka wapi, njia hiyo inamtegemea nani ili ibaki salama, mwinuko na upepo wa kwetu vinaifanyaje, na gharama pamoja na vipuri. Mwishoni nasema inamfaa nani. Kigezo cha pili ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kwa maoni yangu, tundu lolote ambalo mtu anaweza kuliziba usiku wa baridi, siku moja litazibwa, na aliyelichagua anapaswa kulijua hilo tangu mwanzo.

Njia ya kwanza: matundu ya kudumu

Hapa hita haina bomba. Inavuta hewa ya chumbani na kuirudisha chumbani ikiwa imeungua, na matundu ya ukutani ndiyo yanayobadilisha hewa. Yanatakiwa mawili, yote yakitoka moja kwa moja nje: moja karibu na dari ambako hewa moto hutokea, jingine karibu na sakafu ambako hewa baridi huingilia. La chini lina kazi ya pili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa (propani karibu mara moja na nusu, butani mara mbili), kwa hiyo ikivuja hulala sakafuni, na tundu hilo ndilo mlango wake wa kutokea. Lisiishie kwenye shimo wala kwenye mtaro uliofunikwa.

Ukubwa je? Kanuni ya Marekani inayojulikana kama NFPA 54 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Inataka kila tundu kati ya hayo mawili liwe na angalau sentimita za mraba 5.5 kwa kila kilowati ya hita, na yasiwe mbali na dari au sakafu kwa zaidi ya sentimita 30. Hita ya kilowati 20 ingehitaji matundu mawili ya sentimita za mraba 110, kila moja kama 10 kwa 11. Lakini zingatia kwamba kipimo hicho ni cha hita ambayo moshi wake unatoka kwa bomba. Hita isiyo na bomba inatumia matundu hayohayo kutolea moshi, ndiyo maana mimi huyafanya makubwa mara mbili na sioni haya mwenye nyumba akilalamika.

Halafu kuna wale wanaosema, “Mlango unapitisha hewa, inatosha.” Kanuni hiyohiyo, ikiwa hewa inatoka chumba kingine cha ndani badala ya nje, inapandisha kipimo hadi sentimita za mraba 22 kwa kilowati, na hakuna tundu linaloruhusiwa kuwa chini ya 645. Mwanya wa sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 80 ni sentimita za mraba 80. Basi.

Na kipimo ni cha uwazi halisi, si cha fremu. Wavu wenye vibao vya chuma huhesabiwa kuwa na uwazi wa asilimia 75 ya ukubwa wake, na wa vibao vya mbao asilimia 25 tu. Hapo ndipo Kisumu inapopata shida yake. Kanuni inakataza waya wenye vijitundu vilivyo chini ya milimita 6, na kwenye tundu la milimita 6 mbu anapita akipiga mluzi. Mtu wa Nyalenda au Manyatta hataacha tundu la namna hiyo wazi, na sitamlaumu, malaria si hadithi. Akiweka waya wa mbu, tundu lifanywe kubwa mara tatu ya kipimo, na waya usuguliwe kwa brashi kila mwezi, kwa sababu vumbi na mafuta ya jikoni huufanya kama kitambaa. Asipoweza kuyafanya hayo, njia hii si yake.

Inamtegemea nani? Kila anayelala ndani ya nyumba hiyo. Ukipanda kuelekea Elburgon utakuta chumba chenye matofali ya matundu juu ya dirisha kama inavyotakiwa. Ukisogea unaona yamejazwa magazeti ya zamani, juu yake nailoni iliyopigiliwa kwa misumari ya mabati, na juu ya nailoni, pazia. Chini, hita inawaka kwa ncha za njano, na kwenye kichuma chake cha mbele kuna masizi.

“Mama, haya mashimo mbona yamezibwa?”

“Fundi, wewe hulali hapa.”

Na ni kweli, silali pale. Baridi ya Mau saa kumi alfajiri haibishani na kanuni.

Kwa upande wa gharama, hakuna njia ya rahisi kuliko hii: matofali mawili ya matundu, fundi wa mawe na nusu siku ya kazi. Hakuna kipuri cha kutafuta wala stima ya kutegemea. Upepo hauizimi, ingawa ukivuma upande wa tundu la juu unaweza kurudisha hewa moto chumbani, kwa hiyo tundu la juu lisielekezwe unakotoka upepo mkali wa mahali penu.

Inamfaa mwenye hita ndogo ya kuotea, sebuleni, watu wakiwa macho, kwa saa mbili tatu za jioni. Hita ya kabati ya kilowati 4.2, ile yenye mtungi mgongoni, huchoma kama gramu 300 kwa saa; katika sebule iliyozibwa ya mita tatu kwa nne ingefikisha oksijeni kwenye 18 kwa muda wa karibu saa moja. Chumba cha kulala na bafu viondoe kwenye mawazo. Hiyo kanuni ya Marekani haikubali hita isiyo na bomba bafuni ikizidi kilowati 1.8 hivi, wala chumba cha kulala ikizidi 2.9, na hata hizo kwa masharti.

Na kuhusu kihisi cha oksijeni: kinunue, lakini ujue tabia yake huku juu. Baadhi ya hita ndogo za kubeba zenye kihisi hicho hujizima zenyewe mahali palipozidi mita 2,100, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi hata madirisha yakiwa wazi. Fundi atakayekwambia “hiyo nitaikata tu, isikusumbue” mfungulie lango aende.

Njia ya pili: hita yenye bomba la moshi

Hapa moshi hautegemei tena matundu. Unapanda kwa bomba la chuma hadi juu ya paa. Ni hatua kubwa, na kwa hita ya maji ya kuoga ni tofauti ya mbingu na ardhi ukilinganisha na ile ya kwanza.

Kosa la wengi ni kudhani bomba limemaliza kila kitu. Bomba linatoa, haliingizi. Moto bado unavuta hewa ya chumbani, kwa hiyo yale matundu mawili yanatakiwa palepale, kwa kipimo cha kawaida. Yakizibwa, moshi unakosa msukumo na kugeuka. Mbaya zaidi ni feni ya kutoa hewa jikoni au bafuni: ikiwashwa nyumba ikiwa imefungwa, inanyonya hewa popote inapoipata, na mahali pepesi pa kuipata ni kwenye bomba lako la moshi, kutoka juu kuja chini.

Jaribio lake ni rahisi. Funga milango na madirisha, washa kila feni ya kutoa hewa iliyomo, washa hita na uiache ifanye kazi kama dakika kumi. Kisha shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na mdomo wa hita pale bomba linapoanzia. Moshi wa udi ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi. Ukisukumwa usoni kwako, zima.

Inamtegemea fundi siku ya kwanza, na baada ya hapo mtu mmoja wa kulikagua kila mwaka. Bomba liwe la chuma, lisimame wima kadiri inavyowezekana, viwiko vichache, litoke juu ya paa na kuvaa kofia. Bomba la plastiki la maji taka halifai hata kidogo. Na lisiishie darini. Nimekuta hili mara nyingi kiasi cha kuchoka kulisema: bomba linapita dari kwa ustadi, rangi imepakwa, mwenye nyumba amefurahi, halafu juu ya mbao za dari limeachwa hewani. Moshi unajaa humo, unarudi vyumbani kupitia matundu ya taa, na mvuke wake unaozesha mbao za paa polepole.

Nyigu wa udongo nao hupenda mabomba ambayo hayatumiki msimu wa joto, na ndege pia. Kabla ya baridi ya Juni mtu apande aangalie.

Upepo ndio udhaifu wake. Ikiwa umejenga Kiamunyi au Lanet, na jirani akainua ghorofa tatu kando ya bungalo yako, upepo unaogonga ukuta wake utashuka juu ya bomba lako. Lililofanya kazi vizuri miaka mitano linaanza kurudisha moshi bila wewe kugusa kitu. Ujenzi wa jirani ukiisha, rudia jaribio la udi.

Gharama ni ya kati. Mafundi wa jua kali wanakunja bomba zuri, lakini usikubali bati jembamba, kwani maji ya mvuke hulitoboa kwa kutu. Vipuri vya hita hizi vinapatikana kirahisi. Inamfaa anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, ya chini, yenye paa analoweza kulitoboa. Aliye ghorofa ya kwanza na majirani juu yake hana paa la kutoboa.

Njia ya tatu: hita iliyofungwa

Hii ina bomba ndani ya bomba. La nje linaleta hewa kutoka nje, la ndani linatoa moshi, na yote mawili yanapita ukuta mmoja. Moto wenyewe uko ndani ya kasha lililofungwa, haujui kama chumbani kuna hewa au hakuna. Ziba matundu, jaza magazeti, piga pazia, hausikii.

Ndiyo maana kwa kigezo changu cha pili inaongoza. Haimtegemei mtu yeyote kufanya jambo lolote kila siku. Hata hivyo sitaisifu kupita kiasi, kwa sababu ina mtego mmoja dukani.

Hita nyingi zinazouzwa kama “za feni” si za namna hii. Zina feni, ndiyo, lakini feni hiyo inasukuma moshi nje tu, huku hewa ya kuunguza ikinyonywa chumbani. Mtu anaona feni, anaona bomba linatoka ukutani, anaamini imefungwa, anaitundika bafuni. Njia ya kuzitofautisha ni kuhesabu. Bomba moja jembamba lisilo na la pili ndani yake wala pembeni yake: hiyo ni hita ya njia ya pili yenye feni, inahitaji matundu yake kamili. Mabomba mawili, au moja ndani ya jingine, na kitabu kikisema hewa inatoka nje: hiyo ndiyo iliyofungwa. Mwambie muuzaji akufungulie katoni uone kabla hujalipa.

Inahitaji stima. Stima ikipotea inazima, na kuzima huko ni salama, ila utabaki na sabuni mwilini. Feni yake haili umeme mwingi, kwa hiyo mwenye sola na betri hana wasiwasi. Mwinuko ni jambo la kuuliza. Baadhi zina mpangilio wa mwinuko kwenye kibao cha umeme, na fundi anatakiwa kuuweka kulingana na Nakuru au Eldoret, asiuache kama ulivyotoka kiwandani. Mdomo wa bomba usiwe chini ya dirisha, wala usielekezwe kwenye ule ujia mwembamba kati ya ploti mbili, ambao moshi wa kwako unaishia kwa mtoto wa jirani.

Ndiyo ghali kuliko zote, na kipuri kikiharibika, hasa kibao cha umeme au feni, mara nyingi utaambiwa kinatoka Nairobi. Inamfaa mwenye fleti, anayejenga upya na anaweza kupanga ukuta mapema, na yeyote anayetaka joto la gesi katika chumba cha kulala. Kwa chumba cha kulala, miongoni mwa hizi nne, sijui nyingine ningeikubali.

Njia ya nne: itundikwe nje

Kwa maji ya kuoga, njia hii inadharauliwa bure. Hita inakaa ukuta wa nje chini ya ukingo wa paa, mtungi pembeni yake, na kinachoingia ndani ni bomba la maji moto tu. Moto uko nje, hewa ni ya nje, moshi ni wa nje. Hakuna tundu la kuzibwa.

Matatizo yake ni ya nje vilevile. Upepo unaweza kuzima moto au kuuyumbisha, kwa hiyo nunua iliyotengenezwa kukaa nje, au iwekee kinga iliyo wazi juu na chini. Wezi wapo, kizimba cha vyuma ni sawa, kasha la bati lililofungwa pande zote si sawa, umeshatengeneza chumba kidogo. Maji yanachelewa: mita kumi za bomba la nusu inchi zina kama lita moja na nusu ya maji baridi ambayo lazima yatoke kwanza. Huko Mau Narok, kwenye sakitu, bomba livishwe kinga ya joto.

Mtego wa njia hii huja miaka miwili baadaye. Baraza inapendeza, mwenye nyumba anaiziba kwa vioo iwe chumba, na hita ya nje inajikuta ndani bila mtu kuihamisha. Korido ya fleti yenye kuta pande tatu nayo usiihesabu kuwa nje. Tena isikae chini ya dirisha la bafu; mimi huacha mita moja na nusu au zaidi.

Gharama yake ni ndogo, karibu na ya kwanza. Haiwezi kupasha chumba joto, na hapo ndipo inapoishia. Inamfaa karibu kila mwenye bungalo anayetaka maji ya kuoga, na zaidi mtu wa Kisumu, Kakamega au Busia ambaye hana haja ya kuota moto.

Banda la vifaranga

Wafugaji wa Bahati na Njoro huuliza hili kuliko wenye nyumba, na lina ugumu wake. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, nje ni nyuzi kumi, na bruda ya gesi, yaani hita ya kulelea vifaranga, kwa kawaida haina bomba. Mfugaji anafunga banda kwa nailoni na magunia hadi juu. Moto, vifaranga na mvuke wote wanagombea hewa moja, matandazo yanalowa, na asubuhi anaokota waliokufa akidhani ni ugonjwa.

Usipashe banda zima. Weka mduara wa kadibodi kuzunguka vifaranga, bruda juu yao, na pazia la banda liache mwanya wa kudumu chini ya paa pande zote mbili. Joto linalotoka juu hulihitaji, wao wako chini. Feni ya kuingiza hewa inafaa kwa mabanda makubwa, kwa sharti moja tu: vali ya gesi iunganishwe na feni, ili feni ikisimama gesi ikatike. Bila hivyo, stima ikipotea usiku unabaki na moto katika banda lililozibwa. Mwenye maelfu ya vifaranga afikirie hita inayosimama nje ya banda na kusukuma ndani hewa iliyopashwa bila kuichanganya na moshi. Na mlinzi asilale ndani ya banda, hata akisema amezoea.

Mwinuko na kengele

Kanuni ya zamani ya mafundi wa Marekani ni kupunguza nguvu ya hita kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 juu ya bahari, kwa mahali palipozidi mita 600, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Kwa Nakuru hiyo ni karibu robo, kwa Molo karibu theluthi. Maana yake, hita iliyoandikwa lita kumi haitakupa kumi hapa ikiwa imewekwa sawasawa. Fundi atakayekupa zote kwa kuongeza gesi anakupa gesi ambayo haina hewa ya kuiunguza.

Kengele ya kaboni monoksidi ni nyongeza kwa njia yoyote kati ya hizi. Iweke karibu na wanapolala watu, usiitoe betri ikilia. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi usio wa kawaida, hasa zikiwapata wote waliomo na kupungua mkitoka nje. Hospitalini sema waziwazi kwamba mlikuwa na hita ya gesi. Kifaa kile cha kubana kidole kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati damu imejaa sumu, kwa hiyo wasipoambiwa wanaweza kuwarudisha nyumbani.

Kwa hali yako

Unataka maji ya kuoga tu, na una ukuta wa nje unaofikika: anza na njia ya nne, uiache tu ikiwa upepo au wezi wamekushinda. Uko fleti na huna pa kutundika nje: njia ya tatu, ukihesabu mabomba dukani. Una bungalo yako na hita ya zamani nzuri ambayo hutaki kuitupa: njia ya pili, pamoja na matundu yake, ihamishwe kutoka bafuni hadi jikoni au stoo yenye ukuta wa nje.

Unataka kuota moto jioni sebuleni na utaizima kabla ya kulala: njia ya kwanza inatosha, ikiwa unajijua kwamba hutayaziba. Kama kuna mzee, mtoto mchanga au mgonjwa anayehitaji joto usiku kucha, pitia njia ya tatu au tumia stima. Jiko la makaa lisiwe mbadala: makaa yanayowaka mekundu hutoa kaboni monoksidi nyingi hata yakiwa na hewa ya kutosha, na matundu niliyoyapima hapa si ya makaa.

Umepanga, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe: usitundike hita yoyote kati ya hizi ndani. Chemsha maji jikoni dirisha likiwa wazi, au tumia shawa ya stima.

Na kama hita tayari iko bafuni ikiwa na bomba, fanya jaribio la udi leo kabla mtu hajaoga. Moshi ukirudi chumbani, funga gesi kwenye mtungi, mwite fundi, na kwa siku hizo chache mwoge kwa karai.